Pikipiki Ina Bima, Mimi Sina

Banange, hapa Busia upande wa Uganda pikipiki yangu inajaliwa na sheria kunishinda. Tangu 1989 imeandikwa kwamba chombo cha moto kisitembee barabarani bila bima. Nimelipa, stika nimebandika, na askari akinisimamisha naionyesha kifua mbele. Sasa niulize mwenye pikipiki ana bima gani. Ana helmeti yenye ufa.

Jana alikuja stejini kijana anayeuza bima ya afya, tai shingoni, viatu vinang'aa katikati ya vumbi la malori. "Mzee, una watoto wangapi?" Sita. Akabonyeza simu, akabonyeza tena, tabasamu likamtoka. Milioni tatu na kitu kwa mwaka. Nikamwambia, mwanangu, pikipiki yenyewe niliinunua kwa bei hiyo, tena na mafuta yalikuwemo.

Akanishushia kifurushi cha chini. Hicho hakitibu meno, hakitibu macho, na uzazi mpaka miezi kumi ipite. Na presha je? "Ulikuwa nayo kabla ya kujiunga, mzee?" Sikuwa nayo. Imenianza hapa hapa, uliponitajia bei.

Hakuwa mtoto mbaya. Alikaa kwenye pikipiki akanifafanulia. Wenye bima Uganda ni wachache mno, na wengi wao wamekatiwa na waajiri. Anayejileta mwenyewe huja akiwa tayari anakohoa. Kampuni inapandisha bei, wazima wanakimbia, wanabaki wa kukohoa, bei inapanda tena. Nikamwelewa: ni chama cha kuzikana ambacho wanachama wote ni mahututi.

Dawa yake, akasema, ni serikali iingize watu wote kapu moja, mzima amchangie mgonjwa. Kumbe kijana alikuwa shule! Mambo hayo si yalishafika bungeni? Muswada wa bima ya afya ya taifa ulipita 31 Machi 2021. Sisi wa kujitafutia tulikuwa tumepigiwa hesabu ya laki moja kwa mwaka. Rais hakuutia saini, na mpaka leo laki yangu nimeishika mkononi. (Sijaishika, niliila. Lakini ningeitafuta.) Ule ushuru wa WhatsApp wa 2018, shilingi 200 kwa siku, mbona saini yake haikuchelewa?

Shemeji yangu anaishi ng'ambo ya mpaka, karibu tu, jogoo wake ndiye anayeniamsha. Kenya wameanza mfuko mpya Oktoba 2024: mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na mtu kama mimi kiwango cha chini ni 300 zao kwa mwezi, ila walipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Shemeji analalamika mpaka povu. Nimezidisha 300 hizo mara kumi na mbili, nimezigeuza za kwetu, inakuja ileile laki. Mtu ananililia shida ambayo mimi naiomba kwa Mungu!

Utaniambia hospitali za serikali ni bure tangu 2001. Ni kweli. Juzi nilimpeleka kitinda mimba na malaria, kumwona daktari bure kabisa. Nikatumwa daftari la shule la kuandikia ugonjwa. Nikatumwa glavu. Nikatumwa sindano na dripu. Cha bure nilichorudi nacho ni mwandiko, nao hausomeki.

Usiku mama watoto akaniuliza, "Hiyo bima ya pikipiki, haiwezi kututibu?"

Nikamweleza kwamba inamlipa yule nitakayemgonga.

Akakoroga uji kimya. "Kwa hiyo wewe ugongwe."

Sikumjibu. Lakini leo asubuhi nimejikuta nazunguka steji nikikagua stika za wenzangu. Ya Wandera iliisha mwezi wa tatu. Huyo nikimwona anakuja, naruka mtaro.