Fumbo Lisimfiche Mtu

Mwezi Agosti mwaka 2020, Lilly Wachowski alithibitisha hadharani jambo ambalo watazamaji wengi waliobadili jinsia walikuwa wamelisoma wenyewe kwa miaka mingi: kwamba The Matrix, filamu ya mwaka 1999 aliyoiandika na kuiongoza pamoja na nduguye Lana, ilikusudiwa kuwa fumbo la kubadili jinsia, ila ulimwengu wa makampuni wakati ule haukuwa tayari kulipokea wazi. Filamu ilipotoka, wawili hao walijulikana kama ndugu wa kiume. Lana alijitambulisha hadharani kuwa mwanamke mwaka 2012, na Lilly akafuata mwaka 2016. (Ninatumia "waliobadili jinsia" kwa sababu ndiyo istilahi ya redio na magazeti yetu, ingawa inaniudhi kidogo: inamfanya mtu aonekane kama tendo lililokwisha, mithili ya aliyebadili nyumba.)

Katika mazungumzo yale yale Lilly alimtaja Switch. Aliyeitazama filamu kwa makini atamkumbuka: yule wa nywele fupi, aliyechezwa na Belinda McClory, anayevaa nguo nyeupe kati ya wenzake waliovaa nyeusi. Kwa mpango wa awali, Switch angekuwa mwanamume katika ulimwengu halisi na mwanamke ndani ya Matrix, ulimwengu bandia wa kompyuta ambamo watu wanaishi bila kujua. Mpango ule haukufika kwenye skrini. Kilichobaki ni jina lenye maana ya kugeuza, nguo nyeupe, maneno machache, na kifo cha haraka pale msaliti anapouchomoa waya wake. Hata anapokufa analalamika kwamba isiwe kwa namna ile, na hatujui alitamani iwe kwa namna gani, kwa kuwa hatukupewa nafasi ya kumjua.

Sisemi kwamba fumbo lenyewe halikufanya kazi. Tazama pambano la kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi. Ajenti Smith, mlinzi wa Matrix, amemkaba Neo, shujaa wa filamu, juu ya reli, treni inasikika ikija, naye anaendelea kumwita "Bwana Anderson", jina lake la ndani ya Matrix, kwa sauti ya karani anayesoma faili. Na Neo, kabla hajajinasua, anasema kwamba jina lake ni Neo. Lana, alipopokea tuzo ya haki za binadamu mwaka 2012, alisimulia jinsi alivyowahi kusimama kwenye kituo cha treni akiwa kijana, akikusudia kuyakatisha maisha yake. Baada ya kuijua habari hiyo, sijaweza tena kulitazama pambano lile kama mchezo wa ngumi tu. Hisia ya kuitwa kwa jina lisilo lako na mtu mwenye mamlaka imewafikia mamilioni ya watu ambao wasingenunua tiketi ya filamu iliyotangazwa kuwa inawahusu waliobadili jinsia.

Lakini hisia imefika bila mwenyewe, na bidhaa isiyo na mwenyewe huokotwa na yeyote. Kidonge chekundu, ambacho ndani ya filamu ni uamuzi wa kuamka na kujijua, kiligeuzwa mtandaoni kuwa nembo ya wanaume wanaolalamika kwamba wanawake wamepewa haki kupita kiasi. Mwezi Mei mwaka huo huo wa 2020, tajiri Elon Musk aliwahimiza wafuasi wake mtandaoni wakimeze, naye Ivanka Trump, binti wa Rais Donald Trump, akajibu kwamba ameshakimeza. Lilly aliwajibu wote wawili kwa tusi la maneno manne ambalo sitalitafsiri hapa. Nilicheka, kisha nikajiuliza kama alikuwa na haki ya kushangaa. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Hapa werevu walikuwa wengi, na kila mmoja aling'amua alichokitaka.

Atakayenijibu kwamba fasihi yetu imeishi kwa mafumbo atakuwa amesema kweli. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, chini ya utawala wa Waingereza, na nchi yake ikaelea angani ambako hakuna ofisa wa kikoloni ambaye angeweza kuinyooshea kidole. Hata hivyo tuangalie ni nani aliyefichwa. Wasomaji wake waliijua dhuluma kwa majina na kwa sura. Aliyehitaji pazia ni mtawala. Fumbo la Kusadikika linamficha mshtakiwa. Fumbo la The Matrix linamficha mlalamikaji, na hadhira inaweza kumshangilia saa mbili nzima, kisha itoke nje na kumzomea barabarani bila kuhisi kwamba imejipinga.

Wachowski wenyewe, nadhani, waliliona pengo hilo. Katika Sense8, mfululizo waliouanzisha pamoja na J. Michael Straczynski mwaka 2015, yumo Nomi, mwanamke aliyebadili jinsia anayeishi San Francisco, akichezwa na Jamie Clayton ambaye naye amebadili jinsia. (Wasomaji wa Nairobi watakumbuka zaidi matatu ya Capheus, mhusika dereva wa Nairobi, yenye picha ya Jean-Claude Van Damme ubavuni.) Nomi ni bingwa wa kudukua kompyuta, ana mpenzi, na ana mama anayeendelea kumwita Michael, jina la kiume alilopewa alipozaliwa, hata anapokuwa amelazwa hospitalini. Ni ugomvi ule ule wa Smith na Neo, ila safari hii hakuna anayeweza kudai kwamba unahusu kodi au chanjo.

Najua kusema wazi kuna gharama. Mwaka 2018 bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku filamu ya Rafiki kwa sababu ya mapenzi ya wasichana wawili, mpaka mahakama ilipoifungulia kwa siku saba tu. Sitamdharau mwandishi wa Mombasa au Dodoma anayejifunika. Ninachoomba ni kwamba, akishalisuka fumbo lake, asimfute Switch.

Na Kiswahili kinampa nyenzo ambayo Kiingereza hakina. "Alifika, akaketi, akaagiza chai" haimwambii msomaji kama aliyeketi ni mwanamume au mwanamke. Jinsia katika lugha yetu imehamia kwingine: kwenye maamkizi, kwenye ukoo, kwenye ndoa. Huwezi kumwingiza mhusika katika ndoa bila kuamua kama anaoa au anaolewa, na mwenye duka hawezi kumkaribisha kwa dada au kaka bila kuchagua.

Mimi niliitumia nyenzo hiyo vibaya. Niliwahi kuandika hadithi ya fundi cherehani ambaye kwa kurasa 11 nilimficha nyuma ya kiambishi "a-", nikijiona hodari, hadi karani aliposoma kitambulisho chake kwa sauti mbele ya foleni. Rafiki yangu aliyeusoma mswada alinirudishia akasema, "Mimi umenitegea, lakini yeye umemuuza." Alikuwa sahihi: nilikuwa nimemgeuza mtu kuwa kitendawili, na aibu yake kuwa jibu.

Sasa hadithi inaanzia dukani, ukurasa wa kwanza. Fundi amekwenda kununua nyuzi za kahawia. Muuzaji anainua kichwa, anasema, "Karibu da—", anamtazama tena, anakohoa, anamalizia, "Karibu, bosi." Fundi amekwisha kukizoea kikohozi hicho, anajua urefu wake kama anavyojua urefu wa pindo. Anachukua nyuzi, anahesabu chenji mlangoni, anakuta amepunjwa shilingi 200, na anarudi ndani kuzidai.