Kilwa Kisiwani: mji wa sultani au mji wa wafanyabiashara?

Nani aliitajirisha Kilwa? Wapo wanaowasifu masultani wake, na wapo wanaoshikilia kuwa utajiri ulitoka jasho la wafanyabiashara, kasri likala tu.

Tuanze na upepo. Vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi vilishuka na kaskazi hadi Kilwa, vikarudi na kusi ndani ya mwaka. Kuendelea hadi Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ilikoshukia dhahabu ya nyanda za Zimbabwe, kulitaka msimu mwingine. Ndiyo maana mizigo ilibadilishana mikono Kilwa: nguo na shanga kwenda kusini, dhahabu na pembe kwenda kaskazini. Nafasi hiyo hakuitengeneza sultani yeyote.

Lakini si upepo ulioipa Kilwa Sofala. Masimulizi ya kale ya mji yanasema biashara ile ilikuwa ya watu wa Mogadishu kabla Kilwa haijaitwaa, na kuishika bandari ya mbali vile ni kazi ya dola. Dola hiyo ikatoza ushuru mizigo ikienda, ikatoza tena dhahabu ikirudi. Katika karne ya 14 Msikiti Mkuu ulipanuliwa, na Husuni Kubwa, kasri la sultani, ikapanda juu ya mwamba wa bahari, ikiwa na vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane. Sarafu ya sultani wa zama hizo, al-Hasan bin Sulaiman, imeokotwa hadi Great Zimbabwe. Anayewaita watawala hawa kupe tu hawatendei haki.

Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alimkuta al-Hasan mwaka 1331, akasikia akiitwa Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Hiba, kwa ukarimu wake. Anasimulia pia kwamba sultani huyo alipofariki, nduguye Daud aliwajibu waombaji: mtoaji amekufa, na hakuacha cha kutoa. Wengi huisoma habari hii kama sifa ya al-Hasan. Mimi naona hazina iliyotegemea mkono wa mtu mmoja. Husuni Kubwa yenyewe ilihamwa bila kukamilika.

Kwangu, ugonjwa wa Kilwa haukuwa ushuru. Ulikuwa urithi wa madaraka usio na utaratibu uliokubalika, katika mji ambao aliyeshika kiti ndiye aliyeshika forodha. Kiti kikawa mali ya kugombewa. Kufikia mwisho wa karne ya 15 maamiri na mawaziri ndio walioweka na kuondoa masultani. Almeida, jemadari wa Wareno, alipoishambulia Kilwa Julai 1505, Amiri Ibrahim, mtawala ambaye uhalali wake ulikuwa ukipingwa, alikimbia. Wareno hawakuhangaika kutafuta wa kumtawaza badala yake: walimpata Muhammad bin Rukn al-Din, mkubwa wa mjini humohumo.

Wafanyabiashara hawakusubiri kuona nani atashinda. Wareno walipokaa Sofala, sehemu ya dhahabu ikaanza kupita Angoche, bandari nyingine ya pwani hiyo ya Msumbiji, na mwaka 1512 Wareno wakaiacha ngome yao ya Kilwa.