Kemia ya Goma ianze na kabichi

Mwanafunzi wa Goma anaweza kumaliza masomo ya sekondari, akafaulu Exetat, mtihani wa taifa wa Kongo, akapokea diploma ya kemia na biolojia, na asiwe ameona hata siku moja asidi ikigeuza rangi ya kitu. Kwenye daftari ameandika kwamba karatasi ya tournesol (litmasi) huwa nyekundu ndani ya asidi na buluu ndani ya besi. Ameikariri, imeisha. Sisi walimu tunajitetea kwamba shule haina maabara. Utetezi huo mimi siukubali tena.

Kabichi ya zambarau iko sokoni. Katakata majani machache, mwagia maji ya moto, yaache yapoe, chuja. Kamulia ndimu humo: yanakuwa mekundu pale pale. Kwenye glasi nyingine tia maji ya majivu: yanaingia buluu, yanafika kijani, na besi ikiwa kali sana yanaishia njano. Asiyepata kabichi achume maua mekundu ya hibiskasi, yale yaliyojaa kwenye nyua zetu, au atumie maji aliyolowekea maharage meusi. Lengalenga nyekundu na betirave zisikudanganye, kwani wekundu wake unatokana na rangi iitwayo betalaini, si anthosianini, ile rangi ya kabichi, na ndimu haiugeuzi. Manjano ya unga nayo inaonyesha upande mmoja tu. Kwenye maji ya sabuni inageuka rangi ya tofali, kwenye siki inabaki vilevile.

Hii si kemia ya maskini. Mwaka 1664 mwanakemia Robert Boyle aliandika jinsi sirupu ya maua ya urujuani inavyogeuka nyekundu kwa asidi na kijani kwa alkali. Tournesol yenyewe ilitolewa kwenye kuvu-mwani wanaoota juu ya mawe na miti.

Na sisi wa Goma tuna kitu ambacho vitabu vya shule havina: maji ya aina mbili yanayopingana. Ziwa Kivu ni la besi, pH yake juu juu inakaribia 9 (pH ni kipimo cha asidi na besi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni besi). Chukua maji kutoka kwenye bidoni iliyotoka ziwani, dondoshea kiashiria, yaani yale maji ya kabichi, utaona zambarau ikihamia buluu yenye ukijani. Mvua iko upande wa pili. Hata mvua safi ina asidi kidogo, pH kama 5.6, na moshi wa volkano ya Nyiragongo unabeba dioksidi ya salfa inayoiongezea. Kinga mvua moja kwa moja kwenye bakuli la plastiki, usiikinge chini ya bati, maana zinki na vumbi la paa hubadilisha jibu. Tia matone machache tu ya kiashiria, kwa sababu maji ya mvua ni mepesi na kiashiria kingi huyazidi nguvu. Usiwaahidi watoto wekundu wa ndimu. Zambarau ikielekea uwaridi, ikiwekwa kando ya glasi ya ziwa, darasa zima litasimama kuangalia.

Hapo mwalimu aseme wazi: rangi haituambii kama maji yanafaa kunywa. Vijidudu vya kipindupindu havionekani kwa kabichi, wala floridi. Maji ya ziwa yaendelee kutiwa klorini.

Javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, nayo tuwe nayo makini. Inakula rangi yenyewe, kwa hiyo glasi ikiwa nyeupe hujapima kitu. Na isikutane kamwe na siki wala ndimu, kwa sababu hapo inatoka gesi ya klorini inayounguza mapafu. Mimi siiweki kabisa mezani kwa watoto.

Wakaguzi wanapofika darasani hufungua daftari na kuhesabu masomo yaliyoandikwa. Ninawaomba wamuulize pia mwanafunzi mmoja, yeyote yule: wewe umepima nini mwaka huu, na uliona rangi gani?