Mtoto wa Mji Mkongwe Hapotei

Kosa la kwanza nililifanya kabla hata treni haijaondoka Munich. Nilimwambia mke wangu aitie simu yake mkobani.

"Ramani ya nini, Mwajuma? Venice ni vichochoro. Mimi nimezaliwa Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja. Nilikuwa natumwa chumvi usiku, umeme umekatika, natoka Kiponda hadi Malindi narudi, na chumvi haimwagiki. Mtoto wa Mji Mkongwe hapotei."

Mwajuma ni mtu wa Tabora, kakulia pahala ambapo barabara zimenyooka na miembe imesimama foleni. Akanitazama, akaitumbukiza simu mkobani, akafunga zipu.

"Haya, nahodha."

Tulikuwa na miezi minane ya ndoa, na hii ndiyo ilikuwa safari yetu ya kwanza ya kwenda kutembea tu. Si kufuata karatasi ubalozini, si harusi ya watu, si kumpokea mgeni uwanja wa ndege. Novemba 2024, Ijumaa mpaka Jumapili. Treni inapanda milima kwa njia ya Brenner, inateremkia Verona, na baada ya karibu saa saba inaingia kwenye daraja refu, bahari kulia, bahari kushoto, mpaka kituo cha Santa Lucia. Unatoka mlangoni unatafuta teksi, unakuta ngazi, na chini ya ngazi mfereji mpana umejaa maboti. Basi la abiria ni boti. La kubebea wagonjwa ni boti. La taka ni boti. Baiskeli hakuna. Mwajuma alisimama pale akajishika mdomo, nami nikajisikia kama mji ule nimeujenga mimi.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, giza limeshatanda. Mkononi nilikuwa na sanduku la Mwajuma, mfukoni nina risiti ya duka ambayo nyuma yake nilinakili nambari ya nyumba tuliyokodi: elfu mbili mia tisa na kitu. Nambari tu. Nilipokuwa naiandika nilijisemea, mtaa wenye nyumba elfu tatu utakosaje kuonekana?

Sasa hapa nieleze jambo ambalo ningepaswa kuelezwa mimi. Venice imegawanywa mitaa sita mikubwa: Cannaregio, Castello, San Marco, Dorsoduro, San Polo na Santa Croce. Nyumba hazihesabiwi kwa kufuata njia. Zinahesabiwa mtaa mzima, kuanzia moja, zinakata kona, zinaruka mfereji, zinazunguka ua wa kanisa, mpaka mtaa uishe. Castello peke yake hesabu inapita elfu sita. Ukiingia mtaa mwingine, wanaanza tena moja. Kwa hiyo mtu akikwambia anakaa elfu mbili mia tisa Venice bila kutaja mtaa, ni sawa na aliyekwambia anakaa Dar, pale kwenye mwembe.

Nyumba yetu ilikuwa Cannaregio. Ukitoka stesheni unapinda kushoto, mwendo wa robo saa, na madaraja yenyewe ni ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mimi nikalivuka daraja kubwa la mbele ya stesheni kwenda ng'ambo, kwa sababu moja tu: lilikuwa zuri.

Niliahidi moyoni kutolisema vibaya lile sanduku, lakini watu wajue. Tulikwenda kulala siku mbili. Ndani mlikuwa na vitenge, jozi tatu za viatu, gauni la hariri, chapati kumi na mbili zilizofungwa kwa karatasi ya fedha kwa kuwa chakula Italia ni ghali, na pasi. Pasi ya umeme.

"Nguo zitajinyoosha zenyewe?" aliniuliza nilipojaribu kuhoji.

Sanduku lina magurudumu, na magurudumu ni kitu kizuri sana katika mji usio na madaraja. Venice ina zaidi ya mia nne, na karibu yote yana ngazi za kupanda na ngazi za kushuka. Usiku ule nilivuka kumi na moja. Sikuyahesabu kwa macho, niliyahesabu kwa kiuno.

Mji Mkongwe tuna kanuni moja tunayofundishwa tangu utoto: ukipotea, usihangaike, tembea tu mpaka uione bahari, kisha ifuate. Nikaitumia. Nikashika kichochoro, nikatembea, nikaiona bahari. Nikageuka, nikashika kichochoro kingine, nikaiona bahari. Ndani ya nusu saa nilikuwa nimeiona bahari mara tisa, kila mara iko upande ambao haikutakiwa kuwepo. Kuna njia kule zinakwenda moja kwa moja majini. Hakuna ukuta, hakuna kamba, njia inaingia mferejini kama mtu anayeingia chumbani kwake. Ya mwisho nilikuwa nimeshainua mguu, Mwajuma akanidaka ukosi wa koti.

"Nahodha," akasema, "chombo hakijafika."

Nikaamua kufuata vibao. Kuna vibao vya njano kutani vinavyokuelekeza Rialto na San Marco. Tukafika penye kimoja kilichoandikwa San Marco kina mishale miwili, mmoja kulia mmoja kushoto. Nilikitazama muda mrefu. Mwajuma alikaa juu ya sanduku, akafungua chapati, akaanza kula.

Halafu, katika kichochoro ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, nikainua macho nikaiona. Elfu mbili mia tisa na kitu, ileile, imeandikwa kwa rangi nyeusi juu ya mlango. Sijawahi kuwa mtu wa kujisifu, lakini nilisema, "Unaona?" nikabonyeza kengele kwa kidole kilichonyooka kabisa.

Dirisha la juu likafunguka. Akatokeza mzee mwenye kizibao cha sufu.

"Idraulico?" akauliza.

Kitaliano changu ni pizza na bene. Nikadhani ndilo jina lake, ananiuliza kama namtafuta yeye. Nikaitika kwa heshima, "Si, si," yaani ndiyo, ndiyo. Mlango ukalia, ukafunguka. Ngazi zilikuwa za orofa tatu. Nilifika juu nahema, sanduku begani, nikampa mkono.

"Herr Idraulico!" nikasema, maana Ulaya yangu mimi ni ya Kijerumani.

Akatabasamu kidogo, akalitazama sanduku kwa kuridhika, akatuashiria tumfuate. Nikavua viatu mlangoni. Mwajuma naye akavua. Mzee akaitazama ile miguu minne yenye soksi, asiseme kitu. Hakutupeleka sebuleni wala chumbani, alitupeleka moja kwa moja bafuni. Nikaona sawa, kila nyumba na utaratibu wake, huenda kwao mgeni huonyeshwa choo kwanza. Akaonyesha chombo cha kuchemshia maji ukutani, chini yake ndoo. Bomba linadondosha: to, to, to.

"Bene," nikasema. Nilitaka ajue kwamba sisi si wageni wa kulalamika kwa tone la maji.

Mzee akasubiri. Na mimi nikasubiri. Akaonyesha bomba tena, akaonyesha sanduku langu. Aa, nikasema, anataka pasi za kusafiria. Ziko ndani. Nikapiga magoti kwenye vigae, nikafungua sanduku, na kitu cha kwanza kilichokuwa juu nikakitoa kumpisha mkono: ile pasi ya umeme. Nikabaki nimeishika.

Mzee aliitazama pasi. Akalitazama bomba. Akanitazama mimi. Sijapata kumwona mtu akijitahidi kwa adabu kiasi kile kuelewa pasi itazibaje bomba. Kisha likadondoka gauni la kulalia la Mwajuma, likafuatiwa na chapati.

"Mume wangu," Mwajuma akasema nyuma yangu, taratibu, kwa ile sauti anayoitumia kwa wagonjwa wodini kwake. "Hapa ni San Polo. Nyumba yetu iko Cannaregio."

"Umejuaje?"

"Imeandikwa kutani. Kila kona."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu daraja la pili."

"Sasa mbona hukusema?"

"Simu iko mkobani, nahodha."

Akaitoa hiyo simu, akaitafsirisha maneno, akamwonyesha mzee. Mzee akasoma. Akashika ukingo wa sinki. Nilidhani amepatwa na kitu, kumbe anacheka, anacheka mpaka kikohozi, anafuta macho kwa taulo. Naye akaandika kwenye simu, Mwajuma akanisomea: tangu saa nane mchana alikuwa anamngoja fundi bomba. Fundi bomba kwa Kitaliano ni idraulico.

Hakutuacha tuondoke hivihivi. Alitupa kahawa, sisi tukamwachia chapati mbili, akazila hapohapo kavu. Mlangoni akanishika mkono, akatoa kalamu, akaniandikia kwenye kiganja kwa herufi kubwa: CANNAREGIO. Kama mtoto wa chekechea anayepelekwa nyumbani na jirani. Tukapanda boti San Tomà, yuro 9.50 kila mtu, yuro 19 kwa watu wawili kurudishwa stesheni tulikotoka. Nilikaa kimya njia nzima na kiganja changu.

Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa na deni la heshima, na deni lile nikataka kulilipa kwa gondola, ile boti yao ndefu nyembamba ya kutembezea wageni. Bei yake imepangwa na mji: yuro 90 kwa nusu saa mchana, na ikifika saa moja usiku inapanda mpaka 110. Nilipoisoma ile bei niliona heshima yangu si ya thamani hiyo. Lakini nikachungulia pale Santa Sofia, karibu na tulipolala, nikaona gondola, gondola halisi, nyeusi, watu wanaingia na kila mmoja analipa yuro 2. Mbili! Nikarudi mbio.

"Vaa," nikamwambia Mwajuma. "Leo nakupandisha gondola."

Ndipo pasi ilipopata kazi yake. Alivaa gauni la hariri, dhahabu za harusi shingoni na masikioni, viatu vya kisigino, mtandio wa buluu. Nikalipa yuro zangu 4 kwa mkono wa maringo. Mwajuma akaingia, akakaa, akapanga gauni. Wenzetu wote wamesimama wima, mmoja ana kikapu cha magurudumu chenye vitunguu majani vimechomoza. Nikaona hao hawajui kustarehe. Nikatoa simu nimpige picha, nikatafuta upande wenye mwanga, nikamwambia ageuze uso kidogo. Chombo kikagonga ubao. Watu wakashuka.

"Tumefika?" Mwajuma akauliza.

"Tumefika."

"Wapi?"

Nikageuka. Ilikuwa kivuko. Traghetto, wanakiita, cha kuwavusha watu Mfereji Mkuu pahala pasipo na daraja, maana mfereji wote ule una madaraja manne tu. Safari nzima haikufika dakika mbili. Na ng'ambo tuliyoshushwa, mbele ya hariri na dhahabu za mke wangu, palikuwa na soko la samaki la Rialto. Pweza, ngisi, dagaa, barafu inayeyuka, maji ya samaki yanatiririka kwenye visigino vyake.

"Umenivisha dhahabu," akasema polepole, akihakikisha nalisikia kila neno, "kunileta soko la Darajani?"

Kabla sijatunga jibu, sauti ikapaa kutoka upande wa meza ya ngisi.

"Idraulico!"

Mzee wetu. Kizibao kilekile, mfuko wa samaki mkononi. Akamweleza muuza samaki kisa chote, kwa mikono, na ingawa sikuelewa neno nililiona sanduku linafunguka, nikaiona pasi inatoka. Muuza samaki akamwita wa meza ya pili. Wa pili akawaita wawili. Mzee akanishika kiganja akakifungua, maandishi yake bado yapo, akawaonyesha. Soko zima lilicheka, na aliyecheka kuliko wote alikuwa amevaa dhahabu.

Mchana wa siku hiyo tulikwenda San Marco, na huko sina mengi, ila hili la maji. Walitangaza maji yatajaa. Wana mageti baharini, yanafanya kazi tangu 2020, lakini huinuliwa kwa maji makubwa tu, na uwanja wa San Marco uko chini kuliko mji wote. Watu wakanunua viatu vya plastiki. Mimi nikacheka. Kwetu Unguja bamvua hupandisha maji karibu mita nne na hakuna anayepiga king'ora. Nikasimama ukingoni nimeikabili bahari, mikono nyuma, naisubiri ije. Haikuja mbele. Ilitoka chini, kwenye matundu ya mawe ya uwanja, kimyakimya, nyuma yangu. Nilipogeuka Mwajuma yuko juu ya majukwaa ya mbao, mkavu, ananipungia, na mimi nimezama mpaka fundo la mguu.

Jumapili usiku tulifika Munich. Kiganjani herufi zilikuwa zimebaki CAN na nusu ya N. Mwajuma alikuwa kitandani anazungumza na mama yangu kwa simu, kaiweka sauti kubwa, na alishamsimulia yote, mzee, bafu, pasi, soko la samaki. Nikangoja mama acheke. Hakucheka. Alikaa kimya kidogo kule Kiponda, kisha akauliza, kwa wasiwasi wa mtu aliyelea vizuri:

"Sasa bomba la watu, kalitengeneza?"