Hesabu si za Wasichana? Acheni Hayo Maneno

Ukitaka msichana aanguke hesabu, mkumbushe dakika chache kabla ya mtihani kwamba hesabu si za wasichana.

Nina mpwa hapa Manyatta, Kisumu. Jioni, mezani kwetu, hutatua milinganyo bila kusukumwa na mtu. Muhula uliopita mwalimu wake aligawa karatasi za mtihani huku akisema, “Wasichana, mkipata nusu tu nitashukuru.” Karatasi aliyoniletea imechakaa kwa raba kwenye swali la tatu: ameandika, akafuta, akaandika jingine, akafuta tena. Jibu la kwanza, ambalo bado linasomeka, lilikuwa sahihi.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, nchini Marekani, wanasaikolojia Claude Steele na Joshua Aronson waliwapa wanafunzi Weusi na Weupe wa Chuo Kikuu cha Stanford mtihani mgumu. Walipoambiwa unapima uwezo wa akili zao, Weusi walibaki nyuma ya Weupe waliolingana nao kwa alama za awali. Kundi lililoambiwa ni zoezi la kutatua maswali tu, pengo hilo lilikaribia kwisha. Anayehofia kuthibitisha ubaya unaosemwa juu ya watu wake hupigana na hofu na swali kwa pamoja, na hatua za hesabu humponyoka kichwani.

Tafiti za baadaye zimepata athari ndogo kuliko hiyo, nyingine hazikuiona kabisa. Sisemi, basi, kwamba kila alama ya D imetokana na maneno. Shule nyingi za kutwa hazina maabara ya maana. Lakini maabara inahitaji mamilioni. Kuacha kauli kama ile hakuhitaji hata shilingi.

Makabila nayo yasisahaulike. Nakuru, watoto wa jamii nyingi wanakaa dawati moja, na bado utasikia Mkalenjin ni wa mbio, Mkikuyu ni wa biashara, Mjaluo ni wa Kiingereza. Hata sifa huumiza: Mjaluo aliyepata D ya Kiingereza ataificha wapi?

Linaniuma zaidi kwa sababu mtoto wa Gredi ya 9 anachagua mkondo wa sekondari ya juu, iwe sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Anachagua akitazama alama ambazo maneno ya watu yameshazigusa.

Mwalimu, gawa karatasi, taja muda, kisha waache waandike. Nawe mzazi unayemwambia binti yako kwamba kushindwa hesabu ni kwa ukoo wenu, tafadhali acha.