Lego nyingi huharibiwa na usafi, si vumbi

Vumbi peke yake halijawahi kupindisha kibao cha Lego, yale matofali ya plastiki ya kuchezea yanayoshikana, wala kufuta uso uliochorwa kwenye kisanamu. Kazi hiyo hufanywa na maji ya moto, jua la saa saba, dawa ya kutoa rangi ya kucha na kitambaa kikavu kinachosuguliwa kwa hasira. Msimamo wangu, hata kama wapenda usafi watanuna, ni huu: modeli iliyojengwa ikawekwa rafuni haihitaji kuoshwa, inahitaji brashi. Beseni liachiwe lego za watoto, zile zinazozagaa sakafuni na kuishia midomoni.

Tuanze na kitambaa. Tangu 1963 matofali haya yanatengenezwa kwa plastiki iitwayo ABS. Ni ngumu na inang'aa vizuri, ila ukiisugua na kitambaa kikavu inapata umeme tuli, na vumbi linarudi kukaa kabla hujamaliza rafu. Halafu vumbi letu lina mchanga, na chembe ya mchanga ni ngumu kuliko plastiki. Ukiisukuma kwa kidole juu ya kibao cheusi unapiga msasa bila kujua. Mikwaruzo utaiona siku taa itakapomulika kwa ubavuni. Na pamoja na madhara yote hayo, kitambaa hakifiki panapotakiwa. Kinundu kimoja, kile kinachotokeza juu ya tofali, kina upana wa milimita 4.8, na kutoka katikati yake hadi katikati ya jirani yake ni milimita 8. Nafasi inayobaki ni milimita 3.2 tu, na humo ndimo vumbi linamojaa.

Kwa hiyo tafuta brashi ya vipodozi yenye nywele laini, mpya kabisa, kwa sababu iliyokwisha tumika ina poda na mafuta. Ilowanishe, ikamue, kisha ipigepige kwenye taulo hadi ibaki na unyevunyevu kidogo tu. Unyevu huo ndio unaoua umeme tuli. Anza juu ya modeli ushuke chini, maana vumbi la juu litaangukia la chini. Kwenye pembe tumia kile kipira cha kupuliza hewa cha mafundi wa kamera. Hewa ya kopo inafaa pia, mradi kopo lisimame wima: ukiliinamisha linatema kimiminika baridi sana moja kwa moja kwenye plastiki. Mara moja kwa wiki yatosha, dakika tano. Ukikaa miezi sita ndipo ushike brashi, usiilaumu brashi.

Kuna vumbi lisilotoka kwa brashi hata ufanyeje, na hilo lina mafuta. Mvuke wa kukaangia ukifika sebuleni hutua juu ya kila kitu, vumbi likaganda hapo likawa utando wa kunata. Moshi wa udi hufanya vivyo hivyo, na dawa ya mbu ya kupuliza yenye mafuta ndiyo mbaya zaidi kwa kuwa watu huipuliza pembeni kabisa mwa rafu. Weka modeli mbali na mlango wa jikoni, na ukipuliza dawa zifunike kwa shuka. Wavu wa dirisha unazuia mbu, hauzuii vumbi. Pangaboi nalo hukusanya vumbi kwenye mapanga, likiwashwa linalimwaga chumba kizima, hivyo futa mapanga kabla ya kugusa modeli. Kabati la vioo linasaidia sana, ila angalia ufa kati ya milango miwili: milimita mbili tu zinatosha kuingiza vumbi la msimu mzima wa kiangazi. Utepe wa sponji wa kubandika mlangoni unaziba pengo hilo kwa pesa kidogo.

Sasa beseni. LEGO wenyewe wanashauri maji yasizidi nyuzi 40, yaani uvuguvugu wa maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Kama huna kipimajoto, changanya jagi moja la maji yaliyochemka na majagi matano ya bomba. Kwa maji ya bomba ya pwani utapata kati ya 37 na 40. Kwenye miji ya baridi kama Nairobi, moja kwa nne yatosha. Juu ya hapo plastiki haiyeyuki, lakini rangi na umbo huanza kubadilika, na tofali likibadilika kidogo tu halishiki tena na wenzake. Vibao virefu na zile sakafu kubwa nyembamba ndivyo hupinda kwanza.

Tenganisha kila kitu. Tofali mbili zilizoshikana hufungia maji katikati na ndiyo asili ya ile harufu ya ukungu. Kwa lita tano weka kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo, basi. Sabuni ya unga ina chembe zinazokwaruza, na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe inaweza kuchuja rangi. Osha kama kilo moja kwa mkupuo mmoja. Utaona matofali kadhaa yanaelea, na hapa wengi hukosea kwa kudhani yameshaoshwa. ABS ni nzito kidogo kuliko maji, hivyo tofali linaloelea limebeba hewa tumboni na uchafu wa ndani haujaguswa. Lizamishe, ligeuze, lizungushe hadi hewa itoke. Acha yote dakika ishirini, kisha pitisha mswaki laini kwenye yale yenye uchafu mkavu tu. Suuza mara mbili au tatu, kwani povu hujificha ndani ya vile vibomba vya chini. Maji ya kisima yenye chumvi huacha madoa meupe. Kwa suuza ya mwisho tumia maji ya mvua au ya chupa.

Mashine ya kufulia? Wapo wanaotia lego kwenye mfuko wa wavu na kuziosha hivyo. Kampuni inakataza, nami nakubaliana nayo: zinagongana, kona zinakwaruzana, vilivyochapishwa vinachubuka. Unaokoa nusu saa na kupoteza mng'ao.

Kukausha ndiko kunakoshinda wengi uvumilivu. Tia lego kwenye mfuko wa wavu wa vitunguu (vipande vidogo vipenyavyo viweke kwenye mfuko wenye wavu mdogo), toka nje, uuzungushe kwa mkono mara kumi kumi. Maji mengi yatatoka hapo hapo. Kisha tandaza juu ya chekecheke ya waya, upande wenye tundu ukitazama chini, feni ikipuliza kutoka pembeni, kivulini. Siku moja wakati wa kiangazi, mbili au zaidi masika. Usitumie mashine ya kukaushia nywele, oveni, wala bati la uani. Kabla ya kuzirudisha kwenye ndoo, chukua tofali kubwa la vinundu vinane na uligonge kiganjani: likiacha tone, zote zisubiri.

Mota, taa na visanduku vya betri havigusi maji. Toa betri, futa vyuma vinavyogusana na betri kwa pamba yenye spiriti kidogo. Betri ikiwa imevuja na kuacha ukoko mweupe, pamba yenye siki itautoa, kisha kausha vizuri. Stika nazo zikae kavu, pamoja na vipande vilivyopakwa rangi ya fedha na majoho ya kitambaa ya visanamu. Asetoni, iliyomo kwenye dawa nyingi za kutoa rangi ya kucha, inayeyusha ABS, kwa hiyo dawa hiyo isikaribie kabisa. Spiriti nayo isipakwe kwenye vipande vinavyopitisha mwanga, kwani plastiki yake huweza kupasuka nyufa.

Unjano ni habari nyingine. Hausababishwi na uchafu, unatokana na jua kuila plastiki, na sabuni haiutoi hata usugue vipi. Wapo wanaoloweka tofali kwenye haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa na kuzianika juani; weupe hurudi kweli, lakini mara nyingine kwa mabaka, na baada ya muda unjano unaweza kurudi. Mimi sioni faida. Ukinunua mtumba wenye tofali nyeupe zilizogeuka njano, zitumie ndani ya kuta na misingi, mahali ambapo tofali nyingine zitazifunika.