Jivu lililobebwa na maji: udongo wa volkano ukiwa katika nchi kame

Neno "volkano" likitajwa kwenye mazungumzo ya kilimo, wengi hufikiria udongo mweusi, mwepesi, unaootesha chochote unachoupa. Sifa hiyo ni ya haki kwa miteremko yenye mvua nyingi. Ukishuka hadi kwenye bonde kame chini ya mlima huohuo, ambako makorongo ya msimu yamemwaga jivu, mchanga na kokoto kwa maelfu ya miaka, unakuta udongo mwingine kabisa, na hapo ndipo mabishano huanza. Upande mmoja husema hii ni ardhi ya thamani inayongoja maji tu. Upande wa pili husema ni mtego: imwagilie, na baada ya misimu michache utakuwa unalima magadi. Pande zote mbili zina ushahidi, ila mara nyingi zinazungumzia mashimo tofauti.

Tuanze na wanaousifu, maana hoja yao ina mashiko. Lava au jivu likipoa ghafla hubaki kioo, kwa sababu madini hayakupata muda wa kujipanga kuwa fuwele. Kioo hicho huyeyuka upesi kuliko kwatzi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida na haina cha kumpa mmea. Pamoja nacho huja feldispa zenye potasiamu, kalsiamu na sodiamu, na chembe za apatiti zenye fosforasi. Penye mvua nyingi, maji yanayopenya kwenda chini husomba vitu hivi, na mwishowe udongo hubaki na alumini na chuma vinavyoing'ang'ania fosforasi. Nchi kame haina msuuzo huo. Alichokileta mto bado kipo, na majibu ya maabara mara nyingi huonyesha kalsiamu na potasiamu za kutosha hata pale ambapo mbolea haijawahi kuwekwa.

Mteremko wa magharibi wa mlima Kohala, kisiwani Hawaii, unalionyesha jambo hili vizuri, ingawa pale ni lava na jivu lililotulia mahali lilipoangukia, si mashapo ya mto. Katika umbali wa kilomita chache mvua hupanda kutoka chini ya milimita 300 kwa mwaka karibu na pwani hadi zaidi ya 2,000 juu mlimani. Juu, udongo umesuuzwa ukaishiwa; chini, virutubisho vimejaa tele. Wahawaii wa kale waliweka mashamba yao makubwa ya viazi vitamu yasiyomwagiliwa katika ukanda wa kati. Hawakufuata akiba kubwa kuliko zote. Walikwenda pale akiba na maji vilipokutana.

Akiba ghalani si chakula mezani, na hapa ndipo wanaoutilia shaka wanapopata nguvu. Mwamba wa volkano karibu hauna nitrojeni kabisa. Nitrojeni huingia udongoni kutoka hewani, kupitia bakteria na mabaki ya mimea, na penye ukame mimea ni michache; kaboni ya mboji mara nyingi haifiki asilimia 1. Kwa hiyo udongo unaosifiwa kwa rutuba huanza na upungufu wa kirutubisho ambacho mazao mengi hukihitaji kwa wingi kuliko vingine. Zinki nayo ina kisa chake. Kila pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali, inapopanda kwa 1, zinki inayoyeyuka majini hupungua takriban mara 100. Udongo wenye pH 8.3 unaweza kuwa na zinki ya kutosha ndani ya chembe zake, na bado mahindi machanga yakatoa michirizi mipana myeupe pande zote mbili za mshipa wa kati wa jani.

Fosforasi ndiyo inayodanganya zaidi, na kosa huanzia maabara. Kipimo cha Bray hutumia asidi hafifu. Penye chokaa asidi hiyo huishia kwenye chokaa, na matokeo husomeka chini mno. Vipimo vya asidi kali zaidi huweza kuyeyusha apatiti ambayo mzizi hauwezi kuigusa msimu huu, na matokeo yakasomeka juu mno. Udongo ukiwa na pH zaidi ya 7, omba kipimo cha Olsen, kinachotumia baikaboneti. Na mbolea ya fosfati usiitawanye shamba zima: kalsiamu itaikamata. Iweke kwenye mstari, sentimita chache chini na pembeni mwa mbegu.

Kuna neno jingine linalopotosha, nalo ni "volkano" lenyewe, kana kwamba ni mwamba mmoja. Basalti ina silika, kitu kilekile kinachounda kwatzi, ya asilimia 45 hadi 52, pamoja na kalsiamu na magnesiamu nyingi; mashapo yake huelekea kwenye mfinyanzi mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Riolaiti ina silika karibu asilimia 70 au zaidi na kalsiamu kidogo. Kioo chake kikiyeyuka, silika hushuka kidogo, hukauka njiani na kugandisha tabaka la chini. Trakaiti na fonolaiti, miamba mingine ya volkano, zina sodiamu nyingi, na hizo ndizo za kuogopwa zaidi kwenye umwagiliaji. Mfano uliokithiri ni Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, volkano pekee inayojulikana leo kutoa lava ya kaboneti ya sodiamu. Majivu ya volkano za eneo lile, yaliyobebwa na upepo, yameacha kwenye nyanda za kusini-mashariki mwa Serengeti udongo wenye tabaka la chokaa lililoganda karibu na uso. Nyasi fupi za pale zina madini mengi na nyumbu huzifuata wakati wa kuzaa. Miti, ambayo mizizi yake ingehitaji kupita tabaka lile, karibu haipo. Mabishano yote ninayoyaeleza hapa yamo kwenye picha hiyo moja: lishe bora, kina kifupi.

Basi tuchimbe. Shimo la uchunguzi liwe na kina cha mita 1.5, ukuta mmoja ukielekea jua, na usomwe kuanzia juu. Hiki ndicho kinachoonekana mara kwa mara kwenye mashapo ya zamani ya riolaiti. Sentimita za kwanza 5 ni utando wa rangi ya kijivu hafifu. Uvunje, utaona vitundu vidogo vya mviringo kama vya mkate, ambavyo ni hewa iliyonaswa mvua ilipopiga vumbi. Vitundu hivyo havijaungana, kwa hiyo maji hayapiti kirahisi na mvua ya nguvu hutiririka. Hadi sentimita 30 ni kichanga-tifutifu. Kutoka 30 hadi 50 mfinyanzi huongezeka ghafla na udongo husimama kama nguzo ndogo zilizobanana; mizizi hupita kwenye nyufa tu, bapa kama utepe. Chini yake huanza nyuzi nyeupe za chokaa. Kisha sururu inagonga na kurudi.

Tabaka hilo gumu ndilo lenye uamuzi, na kulijua ni la nini kunahitaji subira kidogo. Chukua vipande kadhaa vya ukubwa wa yai, viloweke kwenye asidi ya haidrokloriki ya mola 1 kwa lita. Vikichemka povu na kusambaratika, gundi yake ni chokaa. Povu likitulia na zaidi ya nusu ya vipande vikabaki vizima hata baada ya kulowekwa muda mrefu, gundi ni silika, na itayeyuka tu kwenye alkali kali, au kwa kubadilishana alkali na asidi. Povu peke yake si jibu: tabaka la silika mara nyingi hupakwa chokaa kwa nje, na mtu akidondosha tone moja shambani huondoka na jina lisilo sahihi.

Kosa la aina hiyohiyo hutokea kwenye kipimo cha sodiamu floraidi, kinachotumika kutambua udongo wa volkano wenye alofani, madini laini yanayotokana na kioo cha volkano kilichooza. pH ya mchanganyiko ikivuka takriban 9.4 ndani ya dakika mbili, huhesabiwa kuwa ndiyo. Lakini chokaa nayo huipandisha pH hiyo. Kwenye nchi kame kipimo hiki husema "ndiyo" kwa udongo usio na alofani hata kidogo. Alofani hupenda unyevu na msuuzo, na penye ukame madini ya mfinyanzi wa aina nyingine huchukua nafasi yake. Ndiyo sababu ushauri ulioandikwa kwa udongo mwepesi wa milimani haushuki bondeni ukafanya kazi.

Sasa hesabu ya maji. Kichanga-tifutifu hushika takriban milimita 120 za maji yanayofaa mmea katika kila mita ya kina. Tabaka gumu likiwa sentimita 50 chini, zinabaki 60. Kokoto za basalti zikichukua asilimia 35 ya ujazo, zinabaki 39. Zao linalotumia milimita 5 kwa siku litamaliza nusu ya hizo ndani ya siku 4, na baada ya hapo linaanza kuumia. Maabara, kwa kuwa huchekecha na kupima chembe zilizo chini ya milimita 2 tu, haikuziona kokoto wala tabaka. Anayepanga ratiba kwa kutumia 120 na mita nzima ya kina atamwagilia kila baada ya siku 12, kisha alaumu mbegu.

Kokoto zikiwa za pumisi, lile jiwe jepesi lenye matundu, hesabu hulegea kidogo. Pumisi huhifadhi maji ndani yake, ingawa sehemu yake humfikia mmea polepole. Pasua jiwe lililolowa na uangalie kama vinyweleo vya mizizi vimeingia kwenye matundu. Na tabaka la pumisi lililolala chini ya udongo laini huleta jambo ambalo wengi hawalitarajii: maji husimama juu yake, hayashuki, hadi udongo wa juu ukaribie kujaa. Kwa shamba la mvua hiyo ni faida, kwa kuwa maji hukaa penye mizizi. Kwa shamba linalomwagiliwa kwa maji yenye chumvi ni hasara, maana chumvi nayo husimama hapohapo.

Tufike kwenye sodiamu, ambayo ndiyo hoja nzito ya wapinzani. Ikifika asilimia 15 ya ioni zote (chembe zenye chaji, kama za kalsiamu na potasiamu) zilizoshikwa na mfinyanzi, udongo huanza kusambaratika ukilowa na kuziba. Kipimo cha mezani ni rahisi: donge kavu la ukubwa wa punje ya mahindi, glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Angalia baada ya dakika 10, saa 2 na saa 20. Wingu la maziwa likitanda kulizunguka donge, sodiamu ipo. Usitumie maji ya kisima chenye chumvi. Chumvi huzuia wingu hilo, na udongo mbovu utafaulu mtihani.

Dawa inayotajwa ni jasi, yaani salfeti ya kalsiamu, ambayo kalsiamu yake huing'oa sodiamu, na inafanya kazi. Kuondoa sentimoli 1 ya sodiamu kwa kilo ya udongo, katika kina cha sentimita 30 na msongamano wa gramu 1.3 kwa sentimita ya ujazo, kunahitaji takriban tani 3.4 za jasi safi kwa hekta. Kuishusha kutoka 5 hadi 2 ni tani 10. Jasi yenye usafi wa asilimia 80 itakuwa zaidi ya tani 12. Ila lita moja ya maji huyeyusha gramu 2.5 hivi za jasi. Tani 10 zinahitaji kama mita za ujazo 4,000, sawa na milimita 400 za maji juu ya hekta nzima, na maji hayo lazima yapate pa kutokea chini, yakibeba sodiamu iliyong'olewa. Kwenye nchi kame hayo mara nyingi ni maji ya mwaka mzima. Na pale chini kuna tabaka la silika.

Kwa hiyo sikubaliani na anayesema udongo huu unangoja maji tu. Mara nyingi kinachokosekana ni njia ya maji kutoka. Wala sikubaliani na anayeukataa wote. Mashapo hutandazika kutoka mdomo wa korongo kama upepeo, na kila sehemu ina hukumu yake. Mdomoni ni mawe na kokoto, maji yanapita bila kukaa; paachiwe malisho. Pindoni kabisa, ambako tope laini na chumvi hukusanyika, gharama ya kurekebisha hailipi. Katikati, hasa kwenye mashapo machanga ya mafuriko ambayo hayajapata muda wa kuganda, ndipo sifa za udongo wa volkano zinapokuwa za kweli.

Kupasua tabaka gumu kwa jembe refu la trekta husaidia kwa masharti. Kufanyike udongo ukiwa mkavu, ili tabaka livunjike vipande. Likilowa, jembe huchora mfereji mmoja na kupita. Tabaka lenyewe liwe jembamba kiasi cha jembe kutokea upande wa pili. Na kama mfinyanzi wa juu una sodiamu, jasi iingie palepale, la sivyo ufa hujazwa tope mvua za kwanza zikinyesha.

Kabla ya yote hayo, rudi kwenye shimo. Chimba kitundu kidogo juu ya tabaka gumu, kijaze maji, kiache kilowe usiku kucha, kijaze tena asubuhi hadi sentimita 30, kisha pima maji yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka chini ya milimita 5, usinunue jasi wala mabomba mpaka ujue mifereji ya kutolea maji itaelekea wapi.